Miaka Kumi Ndani ya -ki-

Mara tatu nimejaribu kuigeuza kwa Kiswahili sentensi moja ya sheria ya Marekani, na mara zote nimekwama kabla sijafika kwenye adhabu. Ni kifungu cha 3147 katika kitabu cha 18 cha sheria za shirikisho, kilichozaliwa mwaka 1984 ndani ya sheria kubwa ya kupambana na uhalifu ambayo Rais Ronald Reagan aliitia saini Oktoba mwaka huo. Maana yake inaeleweka hata ukiisikia barazani. Mtu akitenda kosa wakati ameachiwa nje akisubiri kesi, hukumu au rufaa yake, basi juu ya adhabu ya kosa hilo jipya ataongezewa kifungo: kisichozidi miaka 10 kama kosa jipya ni kubwa, kisichozidi mwaka 1 kama ni dogo. Na kifungo hicho hakitakwenda pamoja na kingine chochote. Kitasubiri zamu yake, kianze kingine kikiisha.

Kinachonikwamisha ni maneno machache yanayotangulia hayo yote. Kiingereza cha kifungu kinafungua kwa vitenzi vitatu vya kutendwa vilivyofuatana kama mabehewa: mtu aliyetiwa hatiani, kosa lililotendwa, wakati wa kuachiwa. Watenda hawaonekani. Aliyemtia hatiani hatajwi, aliyemwachia hatajwi, na la ajabu zaidi, hata aliyelitenda kosa hatajwi. Kosa limetendwa tu, kama mvua iliyonyesha usiku watu wamelala. Halafu hilo neno la mwisho, la kuachiwa, linaning'inia. Kisarufi haijulikani ni nani aliyeachiwa. Msomaji ndiye anayejijazia, kwa kuwa anajua kosa haliwekewi dhamana.

Kiswahili hakina nafasi ya uvivu huo. Upatanisho wa ngeli unataka kujua mapema: "kosa lililotendwa akiwa ameachiwa". Li- ya kosa, a- ya mtu. Kabla hujaifunga sentensi umeshalazimika kumrudisha jukwaani yule mtu ambaye Kiingereza kilikuwa kimemficha nyuma ya kosa lake. Na ndani ya hilo "akiwa" imekaa -ki-, silabi moja, ndiyo inayoubeba mzigo wote wa miaka 10.

Somo la uhakiki tulilolipata sekondari lilikuwa na mafungu mawili, fani na maudhui, na vilivyochambuliwa vilikuwa riwaya, tamthilia na diwani. Sheria haikuwamo. Tulizichukulia sheria kuwa ni maudhui matupu, kitu kisicho na msuko wala mtindo wala wahusika. Nadhani tulizipunja. Shairi likiandikwa vibaya hasara ni ya mshairi. Kifungu cha sheria kikiandikwa vibaya, kuna mtu anakilalia sakafuni.

Turudi kwenye silabi. Walimu wa sarufi hutuambia -ki- ina kazi mbili. Ipo ya masharti: akija, nitampa. Ipo ya mambo mawili kutokea kwa pamoja: nilimwona akija. Ukilichukua neno "akija" peke yake ukaliweka mezani, hutajua ni ipi. Sasa chukua "akiwa nje kwa dhamana". Ni saa, au ni sharti? Ni vyote viwili, na hapa lugha yetu imeishika hali ya mtu wa dhamana kwa namna ambayo Kiingereza hakikuiweza, kwa sababu mtu huyo anaishi katika muda ambao wenyewe ni sharti. Yuko nje mradi. Asubuhi yake, safari yake ya sokoni, usiku anaorudi amechelewa, vyote vina "mradi" nyuma yake.

Waandishi wa sheria ya Marekani walilazimika kuyasema mawili hayo mahali pawili. Kifungu cha 3142, kinachohusu kuachiwa kwenyewe, kinaagiza kwamba kila anayeachiwa awekewe sharti la kutotenda kosa lolote, liwe la shirikisho, la jimbo au la mamlaka ya mtaa, kwa muda wote atakaokuwa nje. Hiyo ni -ki- ya masharti. Kifungu cha 3147 kikaja kuchukua -ki- ya pili peke yake. Hakisemi mtu ataadhibiwa kwa kuvunja sharti aliloliahidi, wala kwa kuisaliti mahakama iliyomwamini. Neno la uaminifu halimo. Kuna saa tu: kosa lilitendwa kabla hujaachiwa, ukiwa nje, au baada ya mambo yako kwisha?

Saa haiulizi maswali. Haiulizi kama kosa jipya lina uhusiano wowote na la kwanza. Anayesubiri kesi ya hundi ya kughushi akapatikana na hatia ya jambo lisilokaribiana na hundi, anaingia mle mle anamoingia aliyeachiwa kwa unyang'anyi akarudia unyang'anyi. Jaji anaweza kutofautisha kwa kiasi atakachotoa, ndiyo, lakini mlango ni mmoja.

Na saa ikiachiwa ifanye kazi peke yake huleta vituko. Sheria hiyo hiyo ina kifungu kingine, cha 3146, kinachomwadhibu mtu aliyeachiwa kisha asitokee mahakamani siku yake. Kina ngazi zake za adhabu, zimepangwa vizuri kufuata uzito wa kesi ya kwanza. Lakini kutotokea nako ni kosa, na ni kosa lililotendwa mtu akiwa ameachiwa. Je, naye aongezewe kwa 3147? Mahakama kadhaa za rufaa za shirikisho zilipoulizwa zilijibu ndiyo, kwa hoja kwamba kifungu kimesema "kosa" bila kubagua. Kwa kushika herufi, wamepatia. Lakini tazama kilichotokea. Aliye mahabusu hawezi kukosa kutokea mahakamani. Atapelekwa, apende asipende, na pingu juu. Kosa la kutotokea linaweza kutendwa na mtu aliye nje tu. Kwa hiyo hali inayolifanya kosa liwe kosa ndiyo hiyo hiyo inayoliongezea uzito, kama mvuvi aliyepigwa faini ya kuvua kisha akapigwa nyingine kwa kuwa alikuwa baharini.

Sentensi inaendelea kwenye kiini chake, na kiini hicho ni hesabu. Adhabu ya kosa jipya, kisha "juu ya hiyo". Toleo la mwaka 1984 lilikuwa na sakafu na dari: kwa kosa kubwa, si chini ya miaka 2 na si zaidi ya 10, kwa dogo, si chini ya siku 90 na si zaidi ya mwaka 1. Baadaye sakafu ikang'olewa, dari ikabaki. Lakini neno la lazima halikuguswa. Jaji bado anaamriwa aongeze kifungo, ila haambiwi aanzie wapi. Kifasihi huo ni mkao wa ajabu, sauti ya ukali isiyo na kiasi, kama mzazi anayesema "lazima nikuchape" kisha akakaa kimya.

Ukimya huo ulizibwa na waandishi wengine. Tume ya shirikisho inayoandika miongozo ya adhabu iliweka kanuni kwamba kosa la namna hii lipandishwe ngazi 3 katika jedwali la uzito wa makosa. Tangu mwaka 2006 kanuni hiyo inakaa chini ya namba 3C1.3. Ngazi zikishapanda, jaji anapata masafa ya miezi. Kisha maelezo ya kanuni yanatoa mfano ambao ningeufundisha darasani kama ningekuwa na darasa. Tuseme masafa ni miezi 30 hadi 37, na jaji ameona jumla inayofaa ni miezi 36. Basi ataje miezi 30 kwa kosa lenyewe na 6 kwa kifungu cha 3147, na sheria itakuwa imetimizwa.

Isome tena polepole. Kifungu kinasema jumlisha. Mwongozo unamwambia jaji aanze na jumla, kisha aikate vipande viwili ili ionekane imejumlishwa. Miezi 6 haikuongezwa juu ya 30. 30 ndiyo iliyobaki baada ya 6 kutolewa. Sisemi ni udanganyifu, maana ngazi 3 zilikwishafanya kazi yake kule nyuma kwenye jedwali, na tangu mwaka 2005 miongozo yenyewe humshauri jaji tu bila kumfunga. Nasema kwamba umbo la sentensi ya Congress lilidai tamasha fulani mahakamani, namba mbili zisikike moja baada ya nyingine, na watendaji wamejifunza kulitoa tamasha hilo huku hesabu yenyewe ikifanywa nyuma ya pazia.

Kabla sijaiacha Marekani ya shirikisho, kuna sentensi nyingine, fupi, iliyotupwa mwisho kabisa wa kifungu cha 3142, baada ya masharti, vigezo, amri na tarehe za kusikiliza maombi. Inasema hakuna lolote katika kifungu hiki litakalochukuliwa kuwa linabadili au kupunguza haki ya mtu kuhesabiwa hana hatia. Imekaa pale kama kofia kwenye msumari. Nzuri, ila angalia mipaka yake: "kifungu hiki". Kifungu hicho ni 3142. Ukifungua mlango ukaingia 3147, kofia umeiacha nyuma. Na 3147 ndiko ambako ingefaa zaidi, kwa sababu huko ndiko mtu anakoongezewa miaka kwa kuwa alikuwa anatuhumiwa jambo ambalo pengine mwishowe ataonekana hakulitenda.

Waingereza wameiandika nyongeza hiyo ya adhabu bila namba hata moja. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Utoaji Adhabu ya mwaka 2020, inayotumika England na Wales, kinasema kwa ufupi kwamba jaji anapoupima uzito wa kosa lililotendwa mtu akiwa nje kwa dhamana, lazima ahesabu hali hiyo kuwa ni jambo la kuongeza uzito, na lazima atamke hadharani mahakamani kwamba kosa limeongezwa uzito kwa sababu hiyo. Hakuna miaka, hakuna miezi, hakuna cha kufuatana wala kwenda pamoja. Kuna vitenzi viwili tu, kimoja cha moyoni na kimoja cha mdomoni. Hicho cha pili nakipenda. Adhabu iliyoongezwa kimya kimya haiwezi kukatiwa rufaa vizuri. Ikitamkwa, mwandishi wa habari aliyeketi nyuma anaiandika, na mama wa mshtakiwa anaisikia.

Uzuri wa kifungu cha 64 unaharibika ukisoma kinachofuata. Kifungu cha 65 kinahusu mtu aliyewahi kutiwa hatiani huko nyuma. Hapo sheria inakuwa na adabu nyingi: jaji ahesabu kila hatia ya zamani kuwa ni jambo la kuongeza uzito kama ataona inafaa kufanywa hivyo, akizingatia hatia hiyo ilihusu nini na imepita miaka mingapi. Weka vifungu hivi viwili kando kando. Kwa kosa ambalo mtu alithibitika kulitenda, jaji anaruhusiwa kutafakari. Kwa kosa ambalo bado anatuhumiwa, haruhusiwi, lazima. Hatia iliyothibitishwa inaweza kuchakaa kwa muda, tuhuma haichakai. Mpangilio huu hauanzii mwaka 2020, maana sheria ya mwaka 2003 ilikuwa nao katika kifungu chake cha 143, vijisehemu vya 2 na 3, vikifuatana vile vile bila kutazamana.

Mtetezi atasema sijaelewa. Atasema kinachoongeza uzito ni kuivunja imani, na tuhuma ya kwanza haihusiki. Hoja ina nguvu, na ingekuwa imeandikwa ningenyamaza. Lakini kifungu kinasema "hali hiyo", na hali hiyo ni kuwa nje kwa dhamana. Tena Sheria ya Dhamana ya mwaka 1976 ya Waingereza hao hao inamtambua mshtakiwa kuwa ana haki ya jumla ya kupewa dhamana. Kama ni haki yake, aliipokea kama anavyopokea zamu yake ya kupiga kura. Basi imani iliyovunjwa ilikuwa imewekwa na nani, lini? Hakimu aliyempa alikuwa anatekeleza sheria tu.

Scotland, kwa kupita, wamekwenda hatua moja mbele ya England. Huko jaji anatakiwa aseme tofauti yenyewe, yaani adhabu hii imezidi kwa kiasi gani ile ambayo ingetolewa kama mtu asingekuwa nje kwa dhamana, na kwa nini. Na kama hakuna tofauti, aeleze kwa nini haipo. Sheria inamlazimisha jaji asimulie hadithi ambayo haikutokea. Kiswahili kingefurahia kazi hiyo, maana kina -nge- na -ngali- zinazokaa bure.

Lakini kama kuna tuzo ya msuko, naipeleka California. Kifungu cha 12022.1 cha sheria ya jinai ya jimbo hilo ni kirefu, kina vijisehemu vingi, na lugha yake ni kavu kama dagaa wa juzi. Kinaanza kwa kutaja wahusika wake: kosa la msingi, lile ambalo mtu aliachiwa akisubiri kesi yake, na kosa la pili, linalodaiwa kutendwa akiwa nje. Yote mawili yawe makosa makubwa. Nyongeza ni miaka 2 kamili, haipandi haishuki, na inatumikiwa baada ya vifungo vingine. Mpaka hapo hakuna jipya.

Jipya linakuja pale kifungu kinapouliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza: itakuwaje kama kesi ya pili itaisha kabla ya ya kwanza? Jibu ni kwamba ile miaka 2 itatamkwa lakini itasimamishwa. Itaning'inia. Mtu ataanza kutumikia adhabu ya kosa la pili, na miaka 2 itabaki juu ya kichwa chake ikingojea mahakama nyingine imalize kazi. Akitiwa hatiani katika kesi ya kwanza, mahakama hiyo itaiteremsha. Akiachiwa huru, kusimamishwa huko kunakuwa kwa kudumu, na miaka 2 haitateremka kamwe. Kuna zaidi. Akitiwa hatiani kisha hatia ikatenguliwa kwa rufaa, nyongeza inapanda tena juu kungojea kesi isikilizwe upya; akitiwa hatiani mara ya pili, inashuka tena.

Hii ndiyo taharuki, kwa maana ile ile tuliyofundishwa. Msimulizi wa California anajua hadithi mbili zinakwenda sambamba na kwamba hana haki ya kuufunga mwisho wa moja kwa kutumia nusu ya nyingine. Msimulizi wa Washington hakungoja. Kwake mtu aliachiwa, akatenda, atalipa. Kesi ya kwanza ilikuwa na kazi moja tu, ya kuiwasha saa, na baada ya hapo haina habari nayo. Sisemi California ina huruma kuliko shirikisho, jimbo hilo halijulikani kwa magereza matupu. Nasema sentensi zake zinajua kitu ambacho za wengine zimesahau. Doa lake liko kwenye majina. Kuita tuhuma "kosa la msingi" kabla mahakama haijasema ni kosa ni kumpa mhusika jina la mwisho wa hadithi katika ukurasa wa kwanza. Vijisehemu vyote vinavyofuata vinahangaika kufuta kile ambacho jina limekwishasema.

Sasa nirudi kwenye tafsiri yangu iliyokwama, kwa sababu kuna neno nimelitumia tangu mwanzo ambalo kifungu cha 3147 hakina. Dhamana. Kiingereza chake kinasema kuachiwa tu, yaani mkono uliokushika umefunguka. Ni mimi niliyeongeza "kwa dhamana", kwa kuwa kwetu neno la kuachiwa halisimami peke yake. Kuna kuachiwa huru na kuachiwa kwa dhamana, kitenzi kimoja na mikia miwili, na mtu akikuambia "ameachiwa" swali lako la kwanza ni mkia gani. Na ukishasema dhamana umeingiza mtu wa tatu chumbani. Dhamana ya benki ina nyumba nyuma yake. Tukisema cheo ni dhamana, tunamaanisha kuna waliokikabidhi watakaokidai. Dhamana ya mahakamani ina mdhamini.

Niliwahi kusimama mdhamini wa kijana wa jirani. Nilipanga foleni na barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho na hati ya kiwanja. Karani alizigeuza karatasi zote lakini swali la maana aliuliza moja tu: "Ukitumwa kumleta, utampata?" Nikasema nitampata. Kwa miezi 8 iliyofuata, kila jioni nilikuwa natazama dirishani kuona kama taa ya chumba chake imewaka. Sikuwa nalinda amani ya taifa. Nilikuwa nalinda kiwanja. Lakini nilianza pia kumsalimia kwa namna nyingine, kumwuliza amekula nini, na yeye akaanza kunishikia mlango wa duka. Ile "akiwa nje kwa dhamana" tuliiishi wawili.

Katika vifungu vya adhabu nilivyovisoma, mtu huyo wa tatu hayupo. Wahusika ni wawili, dola na aliyeachiwa. Siyo kwamba Marekani hawamjui. California ina wadhamini wa biashara ambao kwa kawaida hutoza asilimia 10 ya dhamana, lakini wanachodaiwa na mahakama ni mteja atokee siku yake. Akitenda kosa jipya na bado akatokea, fedha yao haiguswi. Kifungu cha 3142 kinamruhusu jaji amkabidhi mshtakiwa kwa mtu maalumu atakayekubali kumwangalia, na wajibu wa mtu huyo ni kutoa taarifa mahakamani sharti lolote likivunjwa. Ni mhusika mzuri, nusu mlezi nusu mpelelezi, angeweza kubeba tamthilia. Anatajwa mara moja anatoka. Kosa linapotendwa kweli, pale 3147, hakuna anayemwuliza aliona nini wala amepoteza nini. Mahali pake pamewekwa miaka.

Sheria ya Tanzania imeuweka uzito kwingine. Kifungu ambacho wanasheria wetu wamekizoea kwa namba 148, katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinamnyima dhamana mtu aliyewahi kupewa dhamana na mahakama akakiuka masharti yake au akatoroka. Uzito uko mlangoni, kabla ya kutoka. Na sehemu kubwa ya kifungu hicho ni orodha ya wasioweza kutoka, msuko wake ni wa lango lenye bawabu, na majaji wetu wamekuwa wakibishana juu ya sehemu zake na Katiba tangu enzi za kesi ya Daudi Pete mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Siku mwandishi wa sheria atakapoamua kuandika kwa Kiswahili cha kwanza, bila Kiingereza nyuma yake, nyongeza ya adhabu kwa kosa lililotendwa mtu akiwa nje, atakutana na a- na -ki- kabla ya kitu kingine chochote, na mdhamini atakuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kutajwa.

Nimalize na karatasi moja. Mahakama za shirikisho za Marekani zina fomu inayoitwa AO 199C, anayopewa mshtakiwa anapoachiwa, yenye maonyo ya adhabu. Ndimo kifungu cha 3147 kinamofika mikononi mwa mwenyewe, na njiani kimebadilika nafsi. Sheria ilisema "mtu". Fomu inasema "wewe": ukitenda kosa kubwa ukiwa nje, utaongezewa kifungo kisichozidi miaka 10, na hapo imeona haya kuliacha neno la kisheria la kufuatana bila kuliwekea maelezo kando, yaani juu ya adhabu nyingine yoyote. Kisha chini kabisa nafsi inabadilika tena. Mimi ndiye mshtakiwa katika kesi hii, mimi nayafahamu masharti, mimi naahidi. Zile kauli tatu za kutendwa, zisizo na mtenda, zimeishia kwenye mstari mmoja unaosubiri mtu mmoja aandike jina lake. Chini ya sahihi kuna mahali pa kutaja mji na jimbo, halafu maelekezo kwa afisa wa mahakama, na kisanduku cha kutia alama: inaamriwa mshtakiwa aachiwe, taratibu zikikamilika.